Ngozi ya Ekari Themanini

Asubuhi ya Jumamosi ile Arvella Goins alivaa koti lake la kijani, akalivua, akavaa la kahawia. La kijani lilikuwa na mfuko mpana ambao kila mtu katika wilaya ya Belmont, Ohio, aliujua: humo ndimo alimoweka lenzi yake ya kukuzia maandishi. Siku hiyo hakutaka mtu aione lenzi. Hakutaka mtu aone kitu chochote. Alikuwa na miaka sitini na tisa, usingizi ulikuwa umemkimbia tangu Alhamisi, na alipojitazama kwenye kioo cha mlangoni aliona uso wa mwanamke aliyeficha mwizi chini ya kitanda.

Nje, mdogo wake Dorsey alikuwa ameshawasha pikapu.

"Umebadili koti," Dorsey alisema alipopanda.

"Kuna baridi."

"La kijani ndilo zito, dada."

"Dorsey, endesha gari."

Akaendesha. Alikuwa amechimba makaa ya mawe miaka ishirini na sita, na kitu alichojifunza chini kule ni kwamba paa likianza kulia hulijibu, unaondoka tu. Lakini hawakufika hata njia panda ya kanisa kabla hajacheka peke yake.

"Nini?"

"Nakuangalia tu. Huko mnadani utajifanya huoni kitu, na masikio yako yamewiva kama nyanya."

Arvella akashusha kofia.

Watu waliomjua kwa juu juu walimjua kama dereva wa basi la shule. Miaka thelathini na moja aliendesha basi namba tisa kwenye vilima vya kusini mwa Barnesville, na hakuna mtoto aliyesimama kabla basi halijasimama. Ila waliomjua kwa undani walimjua kwa hati. Ilianza kwa vifungo. Alinunua boksi la vifungo vya nguo kwa dola nne, kwenye meza ya vitu vikuukuu mbele ya nyumba ya mtu, na chini ya vifungo akakuta kitu kimekunjwa mara sita, kigumu, cha rangi ya siagi. Alidhani ni ngozi ya kuziba kiatu. Kweli ilikuwa ngozi, ila si ya kiatu. Alipoikunjua juu ya usukani, akisubiri watoto watoke darasani, akasoma kwamba serikali ya Marekani inampa fulani bin fulani robo ya kipande cha ardhi, milele, yeye na warithi wake, na chini kabisa, kwa wino uliokuwa bado mweusi, palikuwa na jina la rais James Monroe. Si chapa, ni mkono wake. Nukta ya mwisho ilikuwa imevujia kwenye ngozi, kana kwamba kalamu ilitulia pale huku mtu akiwaza jambo jingine.

Watoto walipanda basi siku hiyo wakamkuta dereva hajui safari inaanzia wapi.

Tangu hapo akajifunza, bila mwalimu, kwa kukosea. Alijifunza kwamba ngozi hailowanishwi, haipigwi pasi, na haitundikwi penye jua. Alijifunza kwamba mwanzoni marais walitia saini kila hati ya ardhi kwa mkono wao wenyewe, maelfu kwa maelfu, mpaka mwaka 1833 rundo likawashinda, sheria ikabadilishwa, na makarani wakaanza kuandika jina la rais kwa niaba yake. Ndiyo maana watu walipomletea karatasi za babu zao ndani ya mifuko ya plastiki, hakutazama saini. Alitazama mwaka. Wengi walirudi nyumbani na saini ya karani na uso umewaanguka. Wachache walirudi wakitabasamu. Wote walirudi na bei ya kweli, kwa sababu Arvella hakumpunguzia mtu hata pale alipoitamani hati mwenyewe. Kwa hiyo walimwamini, na kwa hiyo hiyo hakuwahi kupata kitu cha bure. Katika miaka ishirini na saba alikuwa amenunua hati kumi na moja tu.

Na zote kumi na moja zilikuwa za watu wengine. Aliyoitafuta ilikuwa ya Drury Pettiford.

Kabla ya kuolewa, Arvella alikuwa Pettiford. Kila Agosti ukoo ukikutana, mzee mmoja husimama na sahani ya kuku mkononi na kusimulia jinsi Drury, mtu mweusi aliyezaliwa huru huko Virginia, alivyotembea maili hamsini mpaka ofisi ya ardhi ya Steubenville akiwa na dola mia moja ndani ya kiatu, akanunua ekari themanini, akarudi akichechemea. Sheria za Ohio enzi hizo hazikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Basi jirani aliposogeza uzio ili apate chemchemi, Drury hakusema neno. Alikwenda mlangoni kwa yule jirani, akakunjua ngozi, akaishika mbele ya macho yake mpaka mkono ukafa ganzi. Uzio ukarudi. Ngozi ndiyo iliyomsemea.

Kisha mwaka 1881 wajukuu wakauza shamba, na kwa desturi ya kule ardhi ikiuzwa karatasi zake zote huondoka nayo. Ikaenda kwa akina Hagedorn. Arvella aliwahi kumuuliza Hagedorn mwenyewe, miaka mingi nyuma, kupitia dirisha la basi, akajibiwa kwamba karatasi za zamani panya wamezila. Nakala ya serikali alikuwa nayo, imebandikwa kwenye mlango wa friji. Dorsey alikuwa akimwambia, "Si ndiyo hiyo hiyo? Maneno ni yale yale." Na yeye akijibu, "Picha ya mama yako ni mama yako?"

Sasa Hagedorn alikuwa amefariki, mjane wake Lorene alikuwa akihamia Indiana kwa binti yake, na shamba zima lilikuwa likipigwa mnada. Alhamisi milango ilifunguliwa watu watazame vitu kabla ya siku ya mnada. Arvella alikwenda kwa ajili ya sufuria la chuma. Jikoni kwa nyuma, chini ya ubao wa kupigia pasi, alikuta fremu tatu zimeegemezwa ukutani. Ya kwanza, rais Madison, safi kama ya jana. Ya pili, Monroe. Ya tatu ilikuwa imetundikwa karibu na jiko miaka nenda miaka rudi, imekuwa kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Aliinamisha fremu mpaka mwanga wa dirisha ukaipita ubavuni, kama alivyojifundisha, na herufi zikainuka moja moja kutoka ndani ya moshi. Drury. Pettiford. Wa wilaya ya Belmont. Mwaka 1826. Na chini, ile saini ya kutetemeka ya John Quincy Adams.

Aliirudisha ilivyokuwa. Akatoka. Ufunguo wa gari ulimshinda kuingiza mara tatu. Sufuria la chuma alilisahau kabisa.

Alikuwa na dola mia sita na arobaini.

Walipofika, magari yalikuwa yamepangwa kwenye malisho mpaka kijitoni. Wanawake wa kanisa walikuwa wakiuza mikate ya kuku wa kuchambua na pai za tufaha kwenye banda la trekta, na watu kama mia mbili walizunguka wakifungua droo na kugonga meza chini kusikia kama ni mbao kweli. Arvella alichukua kibao chake cha kuinulia bei, namba arobaini na saba, akaenda moja kwa moja kwenye mafarishi ya viraka, akajifanya anahesabu mishono.

"Bi Arvella."

Hakuhitaji kugeuka. Prentiss Wylie alikuwa mfanyabiashara wa karatasi za kale kutoka Columbus, mrefu, na viatu vya shambani ambavyo havijawahi kuliona shamba. Alijua kazi yake, ila hakupenda kusumbuka. Alikuwa amegundua kwamba njia rahisi ya kujua kilicho bora mnadani ni kutazama Arvella anatazama nini. Mara mbili alikuwa amemnyang'anya hati hivyo hivyo, akimfuata bei kwa bei, huku akitabasamu kama mtu aliyeokota.

"Bwana Wylie. Umekuja kununua ng'ombe?"

"Nasikia kuna Madison."

"Ndiyo, nasikia."

"Umesikia tu? Wewe?" Alicheka. "Siku hizi unakusanya mafarishi?"

"Umri huu miguu inapata baridi."

"Hebu nionyeshe lenzi yako."

"Nimeiacha nyumbani."

Wylie akamtazama kwa makini zaidi kuliko Arvella alivyotaka. Dorsey akaingilia kati na mkate wa kuku mdomoni. "Bwana Wylie, hivyo viatu umevinunua au umekodi?"

"Dorsey, siku yako ya kuchekesha itafika."

"Nangoja. Na wewe siku yako ya kukanyaga samadi itafika. Ikifika uniite."

Wylie alipoondoka, Arvella alisema bila kuinua macho kutoka kwenye farishi, "Tusiisogelee kabisa. Usiitazame. Usikohoe karibu yake."

"Mimi hata sijui iko wapi."

"Nyuma yako, kushoto, kwenye meza ya chuma."

"Kumbe macho yako hayana pazia," Dorsey alisema. "Umesema usiitazame, na unajua iko wapi mpaka meza yake."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Hati zikiuzwa moja moja, atapandisha ile ya Monroe kwa nguvu, mpaka Wylie aamini kwamba ndiyo aliyoijia, aimwagie fedha zake zote. Halafu ya kijivu ikija, yeye atainua kibao kama mtu anayefukuza nzi. Alikuwa ameufanyia mazoezi mbele ya friji.

Saa tano kasoro robo, Kermit Rausch, dalali, mtu wa kitambi aliyeuza nusu ya wilaya kwa nusu nyingine, alifika kwenye meza ya chuma na kipaza sauti chake.

"Haya, wapenzi. Hati tatu za ardhi za shamba hili hili, saini za marais watatu, na Bi Lorene ameniambia anataka tule chakula cha mchana kwa wakati. Nauza kwa kuchagua. Mnajua utaratibu: anayeshinda anachukua anayoipenda, na akitaka mbili au zote tatu, anachukua, kila moja kwa bei ile ile."

Mpango wote wa Arvella ulikuwa umekwenda na maji. Katika mnada wa kuchagua, bei ya kwanza ni bei ya iliyo bora, na hapo iliyo bora ilikuwa Madison, yeye asingeifikia. Alitakiwa kusubiri Wylie ashinde, aridhike na moja, aondoke. Kama hataridhika na moja, basi.

Akajikausha. Alikaa kimya kama maji mtungini.

"Mia! Nani mia? Mia hapo, mia moja na hamsini, mia mbili nyuma kule, bwana mwenye kofia nyekundu, usinikonyeze kama hutaki kununua." Kermit alikuwa akiimba sasa. Bei ilipita mia tatu. Ikapita mia nne. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Wheeling aliendelea kumsumbua Wylie hadi mia sita. Arvella alitazama mlima ulio ng'ambo ya banda, akasoma tangazo la mbegu za mahindi lililopakwa ukutani, akalisoma tena.

Mia sita na hamsini. Sasa hata angetaka asingeweza.

"Mia saba na ishirini na tano, mara ya kwanza, mara ya pili, bwana wa Columbus. Yako. Unachagua ipi?"

"Namba moja," Wylie alisema. "Madison."

"Madison. Peke yake?"

Dorsey aliyekuwa nyuma ya dada yake alipumua. Ilikuwa pumzi ndogo tu, lakini Wylie alikuwa ameshageuza shingo. Hakuwa akizitazama hati. Alikuwa akimtazama Arvella.

"Ngoja kidogo, Kermit," alisema. "Kuna jambo linanisumbua. Miaka kumi nimemwona huyu mama kwenye minada. Hajawahi kukutana na Monroe akanyamaza. Leo hakuinua kibao hata mara moja. Hakuja na lenzi. Na tangu saa mbili nimemwona akitazama mafarishi, sufuria, mlima na tangazo la mbegu. Kitu kimoja tu hajakitazama." Akatembea mpaka kwenye meza, akaweka kidole juu ya fremu ya kijivu. "Hii. Ina nini hii, Bi Arvella?"

Watu mia mbili waligeuka. Arvella alijua alikosea wapi; alikuwa amejificha kwa ustadi mno. Mtu mwenye njaa asiyetazama chakula, kila mtu anajua anachokitamani.

Angeweza kusema haina kitu. Wylie asingemwamini, angeichukua kwa ukaidi. Angeweza kusema ni saini ya karani, na hilo wote wangeliamini, hata Wylie, kwa sababu hakuwahi kusema uongo kuhusu hati. Neno lilimfika ulimini. Alilihisi pale, dogo, tayari. Kidole cha Wylie kilikuwa bado juu ya kioo.

"Ni Adams," alisema. "Mkono wake mwenyewe. Mwaka 1826. Imechakaa kwa moshi, haifiki nusu ya bei uliyotoa." Akaisogelea meza. "Na ni ya Drury Pettiford. Babu wa babu yangu. Shamba hili alilinunua yeye."

Hilo ndilo jambo ambalo mkusanyaji hafanyi. Hasemi anachokitaka mbele ya mtu mwenye fedha kuliko yeye. Lakini mficha uchi hazai, na Arvella alikuwa ameificha haja ile miaka ishirini na saba.

Katika minada ya kule kuna desturi ambayo hakuna dalali anayeitangaza: mtu wa ukoo akinyoosha mkono kwa kitu cha ukoo wake, majirani hushusha mikono yao. Arvella aliwahi kuiona ikifanyika kwa saa ya babu wa fulani, kwa beseni la kuogeshea mtoto la fulani, na mwenyewe aliwahi kushusha kibao kwa hati aliyoitaka kufa. Hakujua kama ingemfikia. Akina Pettiford hawakuwa wamelala chini ya paa lile tangu 1881. Hakuweza kujua kama watu wanangoja aendelee, au wanajiuliza anazungumza nini.

Lorene Hagedorn alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja karibu na mlango wa jikoni, blanketi magotini.

"Lile bonde la chemchemi," alisema, bila kupaza, "sisi tunaliita kwa Pettiford. Nilipoolewa nikamuuliza mume wangu Pettiford ni nani, akasema sijui, ni jina tu." Akamtazama Arvella. "Kumbe ni watu."

"Ni watu, Bi Lorene," Arvella alisema. "Tuko kama sabini."

"Na mimi mmojawapo," Dorsey akasema kwa nyuma.

Mzee mmoja mwenye ovaroli akashusha kibao chake, akakitia mfukoni kabisa. Kisha mwanamke aliyekuwa kando yake. Yule mwalimu wa Wheeling akakikalia chake. Kisha watu wakamgeukia Wylie, mmoja mmoja, na walimtazama vile ambavyo watu wa vijijini wanajua kumtazama mgeni aliyeegesha gari mbele ya geti la mtu.

Wylie alikuwa na haki yake. Kanuni ilikuwa upande wake, na kidole chake kilikuwa juu ya kioo. Akakiinua, akakitazama, kilikuwa kimepata masizi.

"Mama," alisema, "ungeniambia saa mbili asubuhi, nisingejisumbua."

"Ningekuambia saa mbili, ungeinunua saa mbili na dakika tano."

Alifikiri kidogo. "Huenda," akakiri, na watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka nusu. "Kermit, Madison peke yake."

"Madison peke yake," Kermit akarudia haraka, kabla mtu hajabadili mawazo. "Na sasa kuchagua kumekwisha. Nauza ya kijivu, yenyewe; Monroe itafuata. Nani ataanza? Dola kumi?"

Arvella aliinua kibao.

"Kumi ninayo. Kumi na tano? Kumi na tano?" Kermit aligeuka kushoto na kulia, polepole, kwa heshima, kama mtu anayezungusha sahani ya sadaka. Hakuna aliyeinua kibao. "Kumi, mara ya kwanza."

Ilikuwa yake. Kwa dola kumi, bei ya mikate miwili ya kuku. Arvella aliona nyundo ya Kermit ikienda juu, na papo hapo akamwona Lorene na blanketi lake, na masanduku yenye majina ya vyumba vya Indiana. Ikamjia kwamba kama Lorene angemletea hati ile jikoni kwake, kwenye mfuko wa plastiki, amuulize inafaa kiasi gani, asingemwambia kumi.

"Hamsini," alisema.

Nyundo ikasimama hewani. "Bi Arvella, kumi ni yako."

"Najua. Hamsini."

"Unapanda juu ya nani?"

"Mia."

Banda zima likaangua kicheko. Dorsey akamshika kiwiko. "Dada, umepata homa?"

"Niache. Mia na hamsini."

"Huwezi kujipandia mwenyewe," Kermit alisema, akifuta macho.

"Imeandikwa wapi?"

Kermit akajikuna kitambi kwa nyundo. Miaka thelathini ya udalali, na hakujua imeandikwa wapi.

"Mia mbili," Arvella alisema.

"Bi Arvella," Wylie akaita kutoka kando, Madison tayari kwapani, "kama ningekuuliza mimi, ungeniambia inafaa bei gani? Kwa moshi ule?"

"Mia mbili." Akasita; tarehe ilikuwa inasomeka vizuri, na hilo ni jambo. "Na kumi."

"Mia mbili na kumi, imeuzwa, arobaini na saba," Kermit alipiga nyundo kwa nguvu hadi fremu zikaruka, "kabla huyu mama hajajifilisi mchana kweupe."

Watu walipiga makofi. Lorene alimwita kwa kidole, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akauliza kama hao sabini wanajua kwamba chemchemi bado inatoa maji. Arvella alisema wengine hawajui hata kama kuna chemchemi. "Waje wanywe," Lorene alisema, "kabla sijakabidhi funguo. Nina wiki mbili." Arvella akaitikia kwa kichwa kama mtoto.

Fremu hakukubali ikae nyuma ya pikapu. Aliiweka magotini, akaiondolea koti la kahawia alilokuwa ameifunikia, akaifunika tena, akaifunua.

"Funga dirisha lako," alimwambia Dorsey.

"Iko nyuma ya kioo."

"Funga."

Akafunga. Wakapita malisho, wakashika barabara. Arvella aliinamisha fremu kwa pembe ya jua, na herufi zikaanza kuinuka. Akasoma kwa sauti, polepole, kila neno: kwamba Drury Pettiford wa wilaya ya Belmont amelipa kikamilifu; kwamba ekari themanini ni zake; zake na warithi wake, milele. Dorsey, ambaye kwa miaka ishirini na saba alikuwa akisema nakala ya friji inatosha, akapunguza mwendo ili asikie.

"Pale pa warithi," alisema mwishowe. "Soma tena."

Akasoma tena.

"Na usiende mbio," Arvella akaongeza.

"Dada, niko maili kumi na tano kwa saa. Tumeshapitwa na trekta."

"Punguza," alisema Arvella, akaanza kusoma tangu juu.